Kidole Si Lazima

Mwezi Oktoba 2018, katika hospitali ya wanyama wa baharini waitwao sili, Ke Kai Ola, huko Hawaii, Marekani, simu ya ofisini ilianza kupiga watu yenyewe. Mkurugenzi wa hospitali alipigiwa mara kadhaa mfululizo kutoka kazini kwake, na kila alipopokea hakusikia mtu. Watu wengine nao wakaanza kulalamika kwamba hospitali inawapigia kisha inakaa kimya. Uchunguzi ukaonyesha kuwa simu zote zilitoka kwenye laini moja ndani ya jengo. Mkurugenzi akapita chumba kwa chumba mpaka akamkuta mhusika, mjusi mdogo wa ukutani aliyejibandika juu ya kioo cha simu ya mezani, nyayo zake zikigusa orodha ya namba zilizopigwa karibuni.

Mjusi yule hakuwa na kidole cha binadamu, wala uzito wa kubonyeza chochote. Hata hivyo simu ilimtii. Huenda ingemtii vilevile taa ya mezani ya LED, zile zilizojaa madukani Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambazo wengi huziita taa za tachi. Hazina swichi ya kubonyeza wala ya kuzungusha. Zina alama ndogo tu ya duara juu ya plastiki. Ukigusa mara moja inawaka, ukigusa tena mwanga unageuka kutoka mweupe kwenda wa njano, na ukishikilia kidole unapungua au kuongezeka polepole. Mnunuzi huondoka akiamini kwamba kifaa chake kinataka kidole. Kumbe kinachotakiwa ni kitu kingine kabisa, na anayekijua anaweza kuiwasha taa hiyo kwa kijiko, kwa ndizi, kwa kitufe kilichofungwa kwenye kiti cha magurudumu, au kwa saa inayofika saa kumi na mbili jioni.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyozoeleka. Taa ya tachi haisikii joto la mwili. Kifuniko cha plastiki kilichoachwa juani mpaka kikapata moto, ukikiweka juu ya duara, taa haitashtuka. Mtu akishika kipande cha samaki kilichotoka kwenye friji, baridi kama barafu, akakigusisha hapohapo, taa itawaka. Haisikii mkandamizo pia, maana unaweza kuigusa kwa wepesi wa unyoya na ikaitikia. Wala haijali alama za vidole.

Nyuma ya ile plastiki, kwenye ubao wa saketi, kuna kipande cha shaba kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho kimeunganishwa na chipu ndogo ambayo kazi yake ni moja: kukijaza chaji ya umeme, kuimwaga, kisha kukijaza tena, mara nyingi mno kwa kila sekunde, huku ikipima inachukua muda gani. Ni kama mtu anayejaza ndoo kwa bomba ambalo kasi yake haibadiliki. Siku akiona ndoo imechelewa kujaa, anajua imeongezeka ukubwa. Kidole kikisogea, kipande cha shaba huweza kubeba chaji nyingi zaidi kidogo. Muda wa kujaa unarefuka. Chipu inaliona badiliko hilo na kuwasha taa.

Uwezo huo wa kubeba chaji ndio mafundi wanaoupima kwenye kapasita yoyote, na kipimo chake ni faradi, kwa heshima ya mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyefariki 1867. Lakini faradi moja ni kubwa mno kwa mambo ya kidole. Hapa tunahesabu kwa pikofaradi, yaani sehemu moja ya trilioni ya faradi. Kidole juu ya plastiki huongeza pikofaradi chache tu, mara nyingine hata moja haifiki. Mwili mzima wa binadamu nao ni kapasita. Viwanda vya elektroniki vinapojaribu kama chipu zitahimili cheche za mkono wa mtu, kigezo kimoja kinachotumika sana huuchukulia mwili kuwa kapasita ya pikofaradi 100 yenye ukinzani wa ohm 1,500. Kwa macho ya saketi, mwanadamu ni mfuko mkubwa wa maji ya chumvi uliosimama juu ya ardhi.

Jambo hili liligunduliwa kwa maumivu. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden, Uholanzi, kwenye maabara ya Pieter van Musschenbroek, mtu alishika kwa mkono chupa ya kioo yenye maji iliyokuwa ikijazwa umeme kutoka kwenye mashine ya msuguano, kisha akagusa kwa mkono wa pili waya uliozama ndani ya maji. Alipigwa shoti isiyo na mfano. Musschenbroek alipoionja mwenyewe aliandika kwamba hata angepewa ufalme wa Ufaransa asingerudia. Ewald von Kleist, huko Pomerania, alikuwa amekutana na balaa hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Kapasita ya kwanza duniani ilikuwa na maji upande mmoja, kioo katikati, na upande wa pili kiganja cha mtu. Taa ya tachi imerudisha mpangilio huohuo: shaba upande mmoja, plastiki katikati, ngozi upande wa pili. Tofauti ni kwamba umeme wake ni mdogo kiasi cha kutosikika.

Miaka ilipita kabla mtu hajaifanya tabia hiyo ya mwili kubeba chaji kuwa chombo cha kazi. Karibu mwaka 1920 Mrusi Lev Termen alitengeneza ala ya muziki yenye antena mbili ambayo mpigaji haigusi hata kidogo. Anasogeza mkono mmoja hewani sauti inapanda au kushuka, na kwa mkono mwingine anaongoza ukubwa wake. Hati ya kuilinda nchini Marekani aliipata 1928. Mwaka 1965 E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada mjini Malvern, Uingereza, akaeleza kioo cha kompyuta kinachotambua mguso kwa njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mdenmark Bent Stumpe akatengeneza vioo vya aina hiyo kwa ajili ya chumba cha kuongozea mitambo ya CERN, karibu na Geneva. Simu ya iPhone ilipotangazwa Januari 2007, teknolojia ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kilichofuata ni bei kushuka, na ilipotosha kushuka ikaingia hata kwenye taa ya mtoto ya kusomea.

Sasa turudi kwenye swali la nini kinaweza kushika nafasi ya kidole.

Korea Kusini walilijibu kwa njia ya kuchekesha. Katika baridi kali ya mwanzo wa 2010, wenye simu za tachi walijikuta hawawezi kuzitumia bila kuvua glovu, kwa sababu kitambaa kinene huutenga mkono na kioo. Baadhi wakagundua kuwa zile soseji ndogo zinazouzwa kwenye vifungashio vya plastiki zinafanya kazi vizuri. Habari zikaenea, na magazeti yakaripoti kuwa mauzo ya soseji hizo yalipanda. Soseji ina maji na ina chumvi, hivyo inapitisha umeme. Ndizi ni hivyohivyo, karoti ni hivyohivyo, na sponji iliyoloweshwa maji pia.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanasikia kwamba kinachotakiwa ni kitu kinachopitisha umeme, wanachukua sarafu, wanaiweka juu ya duara la taa, na hakuna kinachotokea.

Jaribio hili linaweza kufanywa juu ya meza yoyote, kwa taa ya betri ambayo haijachomekwa kwenye chaja. Sarafu ya shilingi mia mbili ishikwe kwa vijiti viwili vikavu vya mbao na kushushwa taratibu juu ya alama ya mguso. Kwa kawaida taa hubaki imezima. Sarafu ikiwa imelala palepale, mtu aiguse kwa kidole: inawaka. Aizime, aondoe mkono, kisha badala ya kidole aunganishe sarafu hiyo na sufuria kubwa ya alumini kwa kipande cha waya wa shaba kilichomenywa ncha zote mbili, huku waya wenyewe akiushika kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Mara nyingi taa itawaka tena, ingawa hakuna mtu aliyeigusa. Na kama badala ya sufuria kuna bomba la maji la chuma lililozama ardhini, itawaka bila kusitasita.

Sarafu peke yake ni chuma, ni kweli, lakini ni ndogo mno. Chaji inayosukumwa na ile shaba ya ndani haina pa kwenda. Inafika kwenye sarafu na kukwama. Ikipata njia ya kutokea, iwe kwenye mwili wa mtu, kwenye sufuria au ardhini, mahesabu ya chipu yanabadilika. Ndiyo maana soseji ya Mkorea ilifanya kazi: upande wa pili wa soseji kulikuwa na Mkorea. Ingening'inizwa kwa uzi mkavu, pengine isingefua dafu. Hata yule mjusi wa Hawaii, pamoja na udogo wake, alikuwa amejaa maji na amekibandika kiwiliwili chake juu ya kifaa chenyewe, na vioo vya simu vimetengenezwa kuwa wepesi wa kuhisi kuliko taa ya bei rahisi.

Kuna njia iliyo nzuri zaidi, na inashangaza kuwa watu wachache wanaijua. Ardhi ambayo chipu inaihitaji si lazima iwe udongo. Kwa chipu, ardhi ni upande hasi wa saketi yake yenyewe, na kwenye taa nyingi za kuchaji upande huo unafikika bila kufungua hata skrubu moja: ni lile ganda la chuma linalozunguka tundu la USB. Chukua kipande cha karatasi ya foili chenye ukubwa wa alama ya mguso, kibandike juu yake kwa utepe wa gundi, kisha uunganishe na waya mwembamba. Ncha ya pili ya waya ikigusa ganda la USB, taa nyingi huwaka. Ukiuondoa na kuugusisha tena, inabadilika au kuzima. Hakuna kidole, hakuna mwili, hakuna sufuria. Foili imekuwa kidole, na ganda la USB limekuwa mtu aliye nyuma ya kidole hicho.

Ukishafika hapo, mengine ni kazi ya fundi wa kawaida. Katikati ya waya huo unaweza kuweka kitufe cha kengele ya mlango. Unaweza kuweka swichi ya sumaku inayounganisha waya mlango unapofunguliwa. Unaweza kuweka rilei ndogo, yaani swichi inayosukumwa na umeme, inayoamriwa na kidhibiti kidogo kama Arduino au na saa, ili taa iwake jioni na kuzima usiku wa manane. Rilei ikifunga kwa sehemu ndogo ya sekunde tu, chipu itadhani imeguswa haraka. Ikifunga kwa sekunde mbili au tatu, taa itaanza kupunguza mwanga, kama ambavyo ingefanya kidole kikikaa.

Wapo wanaojaribu kuweka transista badala ya rilei kwa kuwa ni rahisi na haina mlio. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inaleta usumbufu, kwa sababu transista hata ikiwa imezimwa hubaki na pikofaradi zake kadhaa, na pikofaradi kadhaa ndizo hasa taa inazozitafuta. Rilei ikiwa wazi ni nafasi tupu kati ya vyuma viwili, haina hila. Kwa sababu hiyohiyo waya kutoka kwenye foili hadi kwenye swichi uwe mfupi iwezekanavyo. Waya wa mita tano ukiusambaza ukutani unakuwa wenyewe kidole kirefu: mtu akipita karibu nao taa inaweza kuitikia, au chipu ikachanganyikiwa isiitikie tena. Anayetaka kitufe kiwe mbali aweke rilei pale kwenye taa, na nyaya ndefu ziende kwenye koili ya rilei.

Tabia nyingine ya chipu hizi inawaangusha wengi. Zinajirekebisha. Chipu inayoitwa TTP223, ya kampuni ya Tontek ya Taiwan, ndiyo inayopatikana kirahisi kwa mafundi, imeshalehemiwa juu ya ubao mdogo wenye miguu mitatu: umeme, hasi na pato. Inafanya kazi kwa volti 2 hadi 5.5, kwa hiyo inakubali betri za tochi na chaja ya simu pia. Ikiwashwa, inahitaji karibu nusu sekunde ya kutulia, na katika muda huo isiguswe, maana inapima mazingira yake. Baada ya hapo, isipoguswa, hurudia kujipima kila baada ya sekunde nne hivi. Unyevu ukiongezeka, joto likipanda au vumbi likitanda, yote huingizwa kwenye hesabu mpya. Ni uhodari mkubwa, ila una matokeo yake: ukiweka juu yake kitu kizito chenye chuma na kukiacha, baadaye chipu inaweza kukizoea na kukihesabu kuwa sehemu ya taa. Hivyo anayetaka kuilaghai lazima afanye kama kidole kinavyofanya, aje na aondoke.

TTP223 hiyohiyo ndiyo inayotoa jibu la kero ambayo haina uhusiano wowote na vidole. Mtu ananunua taa ya tachi isiyo na betri, anaichomeka kwenye plagi yenye saa ili iwake yenyewe jioni, na haiwaki. Umeme unafika, chipu inaamka, inajipima, kisha inakaa ikisubiri kuguswa. Ni hivyohivyo umeme unapokatika na kurudi: feni inaendelea, friji inaendelea, taa ya tachi inabaki giza. Kwenye ule ubao mdogo kuna viraka viwili vya kulehemu, A na B. Kimoja kinaamua kama mguso utawasha kwa muda kidole kikiwepo tu au utawasha moja kwa moja mpaka uguse tena. Kingine kinageuza pato juu chini. Vyote viwili vikiunganishwa kwa tone la risasi, chipu huamka pato lake likiwa tayari limepanda, na taa iliyofungwa kufuata pato hilo huwaka mara tu umeme unapofika. Matone mawili ya risasi, kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye mkono mwepesi, na plagi yenye saa inakuwa na maana tena.

Si taa zote zina chipu hiyo, hilo lisemwe wazi. Nyingi za madukani zina chipu moja inayofanya yote kwa pamoja, mguso, rangi na kiwango cha mwanga, na haina kiraka cha kuunganisha. Kwa hizo, foili na rilei ndiyo njia.

Kwa mtu mwenye vidole kumi vilivyo salama, haya yote yanaweza kuonekana michezo ya mafundi wasio na kazi. Kwa mwingine ni tofauti. Taa ya tachi ina wema mmoja mkubwa kwa mtu mwenye baridi yabisi au mwenye mikono dhaifu: haihitaji nguvu. Kiwiko kinaiwasha, kisigino kinaiwasha, pua inaiwasha. Mama anayekanda unga wa chapati anaweza kuiwasha kwa kifundo cha mkono bila kuipaka unga. Lakini mtu mwenye mkono wa bandia wa plastiki anaigusa na haimtambui, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme na nyuma yake hakuna njia ya kufika mwilini. Anayetumia kijiti cha kushika kwa meno, kama wafanyavyo baadhi ya watu waliopooza mikono, atapata shida hiyohiyo ikiwa kijiti ni cha mbao au plastiki. Kijiti hicho kikizungushiwa foili kuanzia ncha hadi pale midomo inaposhika, taa inamwona mtu, si kijiti.

Na kwa asiyeweza hata hilo, lipo jambo ambalo lingepaswa kujulikana na kila kituo cha watu wenye ulemavu. Swichi maalumu zinazotengenezwa kwa ajili yao duniani kote, za kubonyeza kwa kichwa, kwa goti, kwa shavu au kwa kupuliza, kwa kawaida huishia na plagi moja ya milimita 3.5, ile ile iliyozoeleka kwenye vipokea sauti vya masikioni. Fundi akichukua tundu la plagi hiyo kutoka kwenye redio mbovu, akaliunganisha na koili ya rilei iliyo kwenye taa kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu, taa ya kawaida ya dukani inakuwa kifaa ambacho mtu asiyeweza kuinua mkono anaweza kukiwasha mwenyewe usiku bila kumwamsha nduguye. Vifaa vyenye jina la vifaa vya walemavu huuzwa kwa bei ya kutisha. Foili, waya na rilei havitishi mtu.

Onyo moja halina mjadala. Haya yanahusu taa za betri na za USB, ambazo umeme wake hauzidi volti 5. Kuna taa za tachi za zamani, zenye tako la shaba au la chuma kizima ambalo popote unapoligusa taa inawaka, na balbu zake huchukua umeme wa ukutani moja kwa moja. Katika hizo lile tako limeunganishwa na saketi ya volti 230 kupitia vipingamizi na kapasita zilizochaguliwa kwa uangalifu ili mguso usiue. Anayeifungua na kuruka sehemu hizo, au anayeifunga waya kwenda kwenye bomba, anacheza na roho yake. Hata taa ndogo ya kuchaji kwa USB ichomolewe kwenye chaja wakati wa kujaribu. Chaja hafifu huvujisha umeme kidogo, na wengi wanaufahamu ule mwasho wanaousikia wanaposhika simu inayochajiwa.

Mwasho huohuo ndio chanzo cha visa vingine. Taa inawaka yenyewe usiku, mwenye nyumba anakurupuka, asubuhi anaulizia shehe au mchungaji. Kabla ya kufika huko, aichomoe kwenye chaja na alale nayo usiku mmoja ikiwa kwenye betri. Chaja mbovu humimina kelele za umeme kwenye saketi, na chipu inayotafuta badiliko la pikofaradi moja huzihesabu kuwa mguso. Kupanda na kushuka kwa umeme wa gridi, radi ya mbali au friji inapojiwasha ukutani jirani, vyote vinaweza kuiamsha taa. Mwambao una lake pia: unyevu wa usiku ukigandamana juu ya plastiki na kugusa chuma kilicho karibu, unakuwa daraja la chaji. Na mijusi, kama inavyojulikana Hawaii na inavyojulikana Mombasa, hupenda mahali penye mwanga kwa sababu ya wadudu.

Anayekwenda kununua taa hizi afanye majaribio mawili kabla ya kulipa. Aiwashe, aichomoe kwenye umeme, airudishe, aone kama inakumbuka ilivyokuwa au inabaki imezima. Isiyokumbuka haitafaa kwa plagi yenye saa bila mkono wa fundi. Kisha aiguse kwa kifundo cha kidole badala ya ncha, na kwa kiwiko akipenda. Taa inayokataa kiwiko dukani huenda ikakataa pia mkono mkavu wa mzee nyumbani, na ni heri muuzaji aibakize kwenye rafu yake.